Kadi Niliyosema Haina Kitu

Baluku,

Begi lako liko mlangoni na wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Kesho asubuhi gari la baba yako mkubwa litapita kukuchukua, utakaa kiti cha mbele, na mtakwenda pamoja hadi Kasese. Sitakuandikia habari za kufua soksi wala kula kwa wakati. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitapiga kelele, na watu wa hapa Karambi wameshazisikia kelele zangu za kutosha.

Nimekukasirikia. Nilianza kabla ya mvua hizi, na mpaka jioni hii sijamaliza. Umekuwa ukiwaambia majirani kwamba mama amenuna kwa sababu mtoto wake wa pekee anaondoka. Nimekuacha useme, maana ilikuwa rahisi kuliko kukueleza. Sasa kaa uelezwe.

Kile kipande cha chini, kando ya mto, baba yako alikipanda kahawa mwaka alionioa. Nilikuwa msichana wa Kasindi, upande wa Congo, nimevuka mpaka na sufuria zangu na Kiswahili changu, na ukoo wake haukunitaka. Wanawake walinisalimia kwa Lhukonzo, lugha yao, haraka haraka ili nikosee, kisha wacheke. Baba yako Masereka akanichukua akanipeleka kule chini, mbali na macho yao, akanionyesha jinsi ya kushindilia udongo kwenye shina la mche: kisigino kwanza, halafu vidole, huku unazunguka. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Hapa ni pako na pangu. Huko juu waache wacheke." Nilikipenda kipande kile kuliko hata nyumba. Na wewe ulijifunza kukanyaga udongo namna ile kabla hujajua kusoma.

Baba yako alipofariki, kaka yake Bwambale alikuja kutoka Kasese na lori la viti na maturubai, akalipia jeneza, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mama Baluku asiogope. Mupaka iko pale pale." Nilimshukuru huku nalia. Siku hizi najua kwamba mtu anayetaja mpaka kaburini ameshaupima.

Msimu uliofuata, milamula ikaanza kutembea. Ile mimea ya majani marefu wazee waliipanda mpakani ili watu wasigombane, na watu hugombana kwayo. Leo umeuona mmoja hapa, kesho umesogea upande wetu, udongo mbichi shinani, na mibuni kadhaa ya baba yako imebaki ng'ambo.

Nilimkuta Bwambale njiani siku alipokuja kuwatazama vibarua wa shamba lake, lile linalopakana na letu. Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo, na kwa kile Kifaransa kidogo kilichobaki kichwani tangu shule. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni waliweka madumu chini wakasikiliza. Yeye alisimama, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani. Hasira yangu yote niliitumia asubuhi ile, na sikuwa na ushahidi wa kuweka nyuma yake. Tangu hapo kila nilipofungua kinywa watu walisema, "Ni zile kelele zake tu." Ungekuwa unaniomba wosia, ningekupa huo na kunyamaza: usimtukane mtu kabla hujamshika.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliniuliza, "Wewe ulimuona na macho?"

"Sikumwona. Lakini nani mwingine?"

"Basi mama, mimi nitaandika nini?"

Ndipo nilipouza kahawa nikanunua kamera kwa Sadiki, yule fundi wa Bwera mwenye duka la simu karibu na soko. Kamera ndogo ya sola, ina laini yake ya simu na tundu la kadi ya memori. Wewe ndiye uliyeifunga kwenye nguzo ya jikoni, ukaigeuza itazame mtoni, ukaiunganisha na simu yako. Ulisema, "Mama, kitu chochote kikipita pale chini, tutakiona." Nilijivuna. Nilimwambia kila mtu sokoni kwamba mwanangu ameweka kamera. Bila shaka na Bwambale aliambiwa, na nadhani hapo ndipo alipoanza kukununulia soda kila alipokuja.

Milamula ikatembea tena. Ulifungua simu ukaniambia hakuna kilichohifadhiwa. Siku ile ulisema kweli, na nataka ujue kwamba hilo ninalijua.

Niliing'oa kamera, nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda boda mpaka Bwera. Nilifika dukani nimeshakasirika.

"Umeniuzia kopo," nikamwambia Sadiki mbele ya wateja wake.

"Mama, kamera iko muzima. Inaona."

"Inaona nini kama haikumbuki?"

Akachomoa kadi, akafuta yale meno ya kadi yenye rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, akairudisha mpaka ikalia ta! Akatazama kwenye simu yake, akatikisa kichwa. "Hamukuifomati. Kadi mupya, kamera haiijui. Lazima kamera yenyewe iisafishe kwanza, iipange, ndiyo itaandika." Akabonyeza, tukangoja, akanipungia mkono mbele ya kioo cha kamera, kisha akanionyesha mkono wake umehifadhiwa ndani. Sikumwomba msamaha. Nililipa nikaondoka.

Siku chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha picha zikaanza kufunguka nusu, nyingine nyeusi tupu, na zile za zamani zikawa hazipo. Katika siku hizo hizo mlamula mwingine ukahama. Nikarudi Bwera na matusi mapya. Sadiki alisikiliza, akaitia kadi kwenye kompyuta, akaijaza vitu mpaka ikagoma mapema kabisa.

"Hii kadi ulinunua kwangu?"

Sikununua kwake. Niliinunua kwenye meza ya njiani kwa sababu ilikuwa nafuu.

"Juu wameandika kubwa, ndani iko kidogo. Ikijaa, inaharibu zile iliandika mbele."

Nilikwenda mpaka kwenye ile meza nikamrushia muuzaji kadi yake kifuani. Akasema, "Mama, hizi zinatoka Congo, mimi siko nazitengeneza."

"Hata mimi natoka Congo," nikamwambia, "na sijaandikwa uongo mgongoni."

Sadiki akaniuzia kadi ya kweli, ile iliyotengenezwa kwa kamera zinazoandika kutwa kucha. Akaipanga ili ikijaa ifute za zamani kwanza. Akaongeza uwezo wa kuhisi mtu aliye mbali, kwa sababu kamera ilikuwa ikiamka kwa kuku wa uani na kumwacha mtu wa mtoni. Akarekebisha tarehe, maana kamera ilidhani tuko miaka mingi nyuma. "Ukipelekea chairman na hii date," alisema, "atasema ni ya wakati marehemu alikuwa muzima." Mwisho akaiweka programu ya kamera kwenye simu yangu pia, akanifungulisha mara nyingi mpaka nikaweza bila yeye kunyoosha kidole. Nilipokuwa najifunza nilimtukana kidogo, naye akanitukana kidogo, tukaelewana.

Sikukuambia kwamba nimejua kuifungua. Sikuwa nakushuku. Nilitaka siku moja nikushangaze.

Halafu ikaja ile siku ya soko. Nilikwenda kuuza maharage, wewe ukabaki, ulisema tumbo linakuuma. Niliporudi, milamula ilikuwa imehama mstari mzima, na kahawa yote ya kando ya mto iko upande wa pili. Ulinipokea na simu mkononi. "Mama, kadi imegoma tena."

Niliingia chumbani nikafungua yangu. Asubuhi hakuna. Jana hakuna. Juzi hakuna. Kulikuwa na kuku mmoja tu wa jirani, amepita muda mfupi kabla sijafika, ameonekana vizuri, na saa yake sahihi.

Nilitoka nikaizima kamera papo hapo, nikachomoa kadi. Ukasema, "Niachie, Mama, mimi nitaipeleka kwa fundi." Baluku, wewe hata maji ya kunawa huniletei mpaka nikuite mara tatu. Nilikutazama usoni nikaona unatazama kadi.

Kesho yake nilikuwa Bwera tena. Nilimwambia Sadiki kwamba ni mwizi kama wenzake. Safari hii alikasirika kweli.

"Mama, usinitukane tena. Kadi iko muzuri. Kamera iko muzuri. Mutu ameifuta."

"Mtu gani?"

"Mutu iko na simu yenye kuifungua. Nyumbani muko wangapi?"

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alisema tu kwamba kama kamera haijaandika mengi juu ya yaliyofutwa, anaweza kujaribu kuyatoa, na ni vizuri niliizima mapema. Kompyuta ikaanza kutafuta. Nje wabadilisha fedha walikuwa wakiita watu, boda zikipiga honi, malori yakingoja kuvuka, na mimi nilikaa nikiomba ishindwe. Hilo ndilo nililoomba. Nilikuwa nimegombana na nusu ya Bwera ili kadi ihifadhi, na sasa naomba isiwe imehifadhi.

Zilirudi chache. Nyingi zilikatika vipande. Moja ilikuwa nzima.

Bwambale ameshika jembe. Wewe umebeba milamula kwenye beseni langu la kuoshea vyombo. Anachimba, unapachika. Kisha ukaanza kushindilia udongo, kisigino kwanza, halafu vidole, huku unazunguka. Nilitazama ule mguu mpaka Sadiki akasimamisha picha bila kuambiwa. Baadaye nilimwambia aendelee, nikasikia sauti, kwa mbali lakini nilisikia. Bwambale akasema, "Mama yako atalia, halafu atachoka." Nawe ukasema, "Nitaifuta yote. Mama hajui hata kuifungua." Mkacheka.

Sadiki akaniuliza taratibu, "Mama, huyu kijana unamujua?"

Nikasema, "Simjui."

Wiki ile tuliitwa kwa mwenyekiti. Ulikaa kwenye benchi kando ya baba yako mkubwa, na watu wakadhani umekaa hapo kwa sababu benchi letu limejaa. Kadi nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Sadiki alikuwa ameniwekea ile video kwenye simu vilevile. Nilikuwa nimekuja tayari, nimevaa vizuri.

"Mama Baluku," mwenyekiti akasema, "hii mara camera yako iliona nini?"

Bwambale alinitazama moja kwa moja, kofia gotini. Wewe ulitazama viatu vyako. Fundo la kitenge lilikuwa kati ya vidole vyangu, dogo, gumu.

"Haikuhifadhi," nikasema.

Watu walicheka. Bwambale akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Camera ni kitu ya watu ya masomo." Wakacheka zaidi. Nawe ukainua uso, nikakuona unashusha pumzi. Mwenyekiti akatamka kwamba mpaka uko pale mimea iliposimama. Nikarudi nyumbani kwa miguu, sikutaka boda wala mtu wa kunisindikiza.

Usije ukadhani nilikusamehe siku ile. Nilikuficha. Kumficha mtu na kumsamehe ni kazi mbili, na mpaka sasa nimefanya moja tu. Ningeitoa ile kadi, Bwambale angeona aibu kidogo, angelipa mbuzi, angerudi dukani kwake Kasese. Wewe ungebaki hapa. Ungekuwa yule kijana aliyeng'oa mpaka wa baba yake, ungeitwa hivyo sokoni, ungeitwa hivyo siku ya kuoa.

Nimejiuliza alikupataje. Nilidhani ni soda, nilidhani ni ile ahadi yake ya kukupa kazi dukani Kasese. Sasa nadhani na mimi nilimsaidia. Kila jioni nilikupakulia jina la Bwambale pamoja na ugali: Bwambale mwizi, Bwambale nyoka, Bwambale na duka lake. Mtoto akilishwa jina moja kila siku hutamani kumwona mwenyewe. Ukamwona, akakuita "mwanangu", akakuuliza unataka kuwa nani. Mimi tangu baba yako afariki sikukuuliza unataka nini. Nilikuuliza tu kama umefunga mbuzi. Hilo nimeliona, nimeliandika. Lakini halifuti mguu wako kwenye ile video.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua.

Baada ya kikao, Bwambale alinyamaza. Ulimpigia simu, hakupokea. Ulikuwa umefua mashati yako ya kwenda mjini, ukayakunja, ukayakunjua, ukayakunja tena. Uliniambia baba mkubwa anapanua duka kwanza. Nilikuona ukikaa barabarani na kuinuka kila gari lilipopita. Ilinibidi nifurahi, na nilifurahi, kwa siku chache nilifurahi sana. Nilikupakulia chakula kidogo kwa makusudi. Kisha furaha ikageuka ikaniuma. Alikuwa amekuchukua bure, kama alivyochukua kahawa, na alikuwa amemaliza haja yake na wewe.

Siku niliyokuambia nakwenda kutibiwa meno, nilikwenda Kasese. Nilimkuta Bwambale nyuma ya meza yake, kati ya mabati na mifuko ya saruji, wateja wamesimama.

"Shemeji," nikasema kwa sauti, "nimekuja kununua misumari." Nikaweka simu mbele yake, nikaifungua mwenyewe.

Alitazama. Sauti yake ilipoanza kusikika alifunika simu kwa kofia, akawaambia wateja wangoje nje.

"Hata mutoto wako iko ndani," akasema.

"Najua yumo. Yeye atasema baba yake mkubwa alimtuma. Wewe, mzee wa kanisa, utasema nani alikutuma?"

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama lile jasho. "Unataka nini, mama Baluku? Shamba? Nitarudisha. Tumalize kimya kimya."

Baluku, alitamka hivyo. Nitarudisha. Nilikuwa nimesafiri na neno "ndiyo" mdomoni tangu Karambi. Niliiona kahawa ya baba yako, nikauona mto. Halafu nikakuona wewe barabarani na mashati yako.

Nikasema, "Mchukue mwanangu. Mpe ile kazi uliyomwahidi, mshahara kila mwisho wa mwezi, na chumba chenye mlango. Siku utakayomtuma tena jambo kama hili, au kumfukuza bila kosa, kadi itafika polisi kabla hujafunga duka."

"Na shamba?"

"Sijasema shamba limekwisha. Nimesema mchukue mwanangu."

Alikupigia kesho yake. Uliruka uani kama mwana-mbuzi, ukaja jikoni ukaniambia, "Mama, unaona? Baba mkubwa ananipenda." Nilikuwa nachambua maharage. Sikuinua kichwa, kwa sababu ningekuinulia kijiko.

Kwa hiyo usiende kule ukidhani umependwa. Umelipiwa, na kilicholipwa ni kahawa ya baba yako. Kama ulituuza, basi angalau upate ujira. Sikutaka mwanangu awe msaliti na mjinga kwa wakati mmoja. Fanya kazi yake, jifunze bei za mabati na namna ya kuzungumza na wateja, lala katika chumba chenye mlango, na akianza kukuita "mwanangu" kwa sauti ile laini, simama umwulize anataka ubebe nini.

Yeye hajui kama kweli ningekwenda polisi na uso wako umo ndani. Mimi pia sijui. Usimsaidie kujua.

Kesho sitatoka nje kumsalimia mwenye gari. Ukitaka kunikumbatia mbele yake nitakusukuma, kwa hiyo usijaribu. Barua hii utaikuta kati ya mashati, na usinijibu kwa simu, sitaki kusikia ukilia kupitia kitu ninachoweza kukizima. Ukiwa na neno, lilete mwenyewe. Njoo mchana, uniite kwa sauti tangu barabarani, watu wasikie. Nitakuwa bado nimekasirika. Nitakuuliza kwa nini ulicheka, na hutaingia ndani mpaka umenijibu. Ukishajibu, nawa mikono. Chakula kitakuwepo.

Mimi,
mama yako